Dhahabu inavyoweza kumuumbua mchakachuaji wa maziwa

Kwa wafugaji na wanunuzi wa maziwa Balangdalalu, wilayani Hanang mkoani Manyara, mchezo wa kuongeza maji si mgeni. Laktomita huukamata, kwa sababu maziwa yenye maji huwa mepesi kuliko kawaida. Shida inaanza pale mtu anapotia kitu cha kukidanganya kipimo chenyewe.

Ndicho kilichotokea China mwaka 2008. Maziwa yaliongezwa maji, kisha yakatiwa melamini, kemikali ya kutengenezea sahani za plastiki ngumu. Kwa nini melamini? Kipimo cha protini kilikuwa kinahesabu naitrojeni tu, na theluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni. Kipimo kikasoma protini ipo, kumbe hamna. Watoto takriban 300,000 waliugua, wengi wakipata mawe kwenye figo, na 6 walifariki. Tanzania nayo ilizuia maziwa kutoka China.

Dhahabu inaingiaje hapa?

Mwaka 2009 watafiti wa China walionyesha njia ya kuiona melamini kwa macho, wakitumia chembe ndogo mno za dhahabu. Chembe ya aina hii huwa na upana wa nanomita 13 hivi, wakati unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Kwa udogo huo dhahabu haina rangi ya njano tena. Ikiwa ndani ya maji inaonekana nyekundu, kama juisi ya rozela.

Wekundu huo unabaki kwa sababu kila chembe ina chaji hasi, hivyo zinasukumana na kukaa mbalimbali. Melamini ikiingia, inazishika na kuzikusanya. Zikigandana zinanyonya mwanga kwa namna nyingine, na nyekundu inageuka bluu ndani ya dakika chache.

Je, inatosha?

Bado. Mafuta na protini za maziwa lazima ziondolewe kwanza, na hata chumvi inaweza kuzigandisha chembe hizo. Kwa hiyo bluu ni kengele ya tahadhari, siyo hukumu. Uthibitisho unabaki kwa maabara, kama za TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula.

Faida yake ni kuchuja mapema: sampuli zenye shaka ndizo zinazosafirishwa kwenda maabara, na maziwa yake yanasubiri majibu kabla hayajafika kwenye kikombe cha mtoto.