JINA JIPYA LA MKOPO: UKILINUNUA, UMENUNUA KESI



Leo sio mambo ya kupiga picha bidhaa wala kupanga bei. Naongelea kitu ambacho nusura kiniponze mwenyewe, na najua humu ndani kuna mtu ameshatumiwa tangazo lake. Soma mpaka mwisho, hasa kama una deni la simu linalokukosesha usingizi.

Wanaonifahamu wanajua nauza vikapu vya milulu na mchele wa hapa Idodi, kwa WhatsApp na Instagram. Mzigo unatoka hapa, unafika Iringa mjini, unapanda basi kwenda kwa mteja. Mwaka juzi mteja mmoja wa Dar aliagiza vikapu 40. Sikuchukua hata kianzio. Nikakopa 180,000 kwenye simu, nikawalipa akina mama wasukaji, vikapu vikakamilika, mteja akazima simu. Siku ya marejesho ikapita, adhabu zikaongezeka, deni likafika 214,000. Nikafanya ujinga: nikaitupa ile laini, nikasajili nyingine, nikajiambia yameisha.

Miezi kadhaa baadaye nikaenda mjini kuomba mkopo wa kununulia mpunga wakati wa mavuno. Afisa akaangalia kompyuta yake, akaniuliza taratibu, "Dada, hili deni la simu vipi?" Nikatamani ardhi ipasuke.

DENI LINAKUFUATAJE?

Wengi tunadhani deni linakaa kwenye laini. Hapana, linakaa kwenye NIDA yako. Wakopeshaji wenye leseni wanapeleka taarifa za wakopaji kwenye mfumo unaosimamiwa na Benki Kuu, na kuna kampuni zenye leseni ya kuzichakata, kama Creditinfo Tanzania. Ukienda kuomba mkopo sehemu nyingine, wanakuangalia humo. Laini unaweza kubadilisha hata mara kumi, wewe ni yule yule.

Sasa hapo ndipo wajanja wanapoingia.

TANGAZO LENYEWE

Kwenye grupu moja la wauzaji nikakutana na ujumbe: umefungiwa mikopo? Tunakupa jina jipya la mkopo, safi kabisa, 60,000 tu. Nikampigia. Kijana ana maneno matamu huyo! Akaniambia hata sihitaji kulipa deni la zamani. Nitapewa laini iliyosajiliwa kwa NIDA ya mtu ambaye hajawahi kukopa, naanza na mikopo midogo, nalipa vizuri, kiwango kinapanda.

Nikamuuliza huyo mtu ni nani. Akacheka. "Unaweza kumleta wako. Huna bibi kijijini asiyetumia simu? Akiweka dole gumba tu, tumemaliza. Tena wewe nakupunguzia, lete 40,000."

Nikamfikiria mama mkubwa wangu, yuko Tungamalenga, ana kitambulisho na simu ya tochi. Nikaenda kweli. Nikamweleza kijuujuu, kwamba nataka kutumia jina lake kwa shughuli ya biashara. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa mwanangu, siku wakija kudai, watamuuliza nani? Mimi au wewe?"

Sikuwa na jibu. Nikanywa uji, nikarudi nyumbani.

TOFAUTI YA DENI NA JINAI

Hili ndilo nataka ubaki nalo leo. Kukopa kwa jina lako ukashindwa kulipa ni deni. Watakusumbua, watakunyima mkopo mwingine, wanaweza kukufungulia kesi ya madai. Inauma, ila ni jambo la kukaa mezani mkaongea. Kukopa kwa jina la mtu mwingine ni jinai. Hapo huongei na mkopeshaji tena, unaongea na polisi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na simu yako imo humo humo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya faida uliyopata, ile iliyo kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Na Kanuni ya Adhabu ina kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, nalo linaweza kukupeleka ndani hadi miaka 7.

Piga hesabu. Deni langu lilikuwa 214,000. Nilikuwa tayari kulikimbia kwa kuingia kwenye kosa ambalo faini yake inaanzia milioni 5. Na usijitetee kwamba yule kijana ndiye aliyepanga. Mkopo umeuomba wewe, hela umepokea wewe, umezitumia wewe. Yeye kashabadilisha namba zamani.

Tena mchezo huu sio wa kwetu peke yetu. Kule Marekani watu wanauziwa namba ya tarakimu 9 inayoitwa CPN, wanaambiwa waitumie kuombea mkopo badala ya namba yao halisi ya hifadhi ya jamii. Mara nyingi namba hizo zimeibwa kwa watoto, wafungwa au watu waliokufa. Aliyenunua akidhani kapata mwanzo mpya anajikuta ametumia utambulisho wa mtu, na waendesha mashtaka wanamfuata yeye pia.

Huku kwetu kuugundua uongo ni rahisi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukipewa namba yenye tarehe isiyo yako, ujue ina mwenyewe. Hakuna NIDA mpya ya dukani. Mtu mmoja, namba moja, alama za vidole zake.

KWA SISI TUNAOUZA MTANDAONI KUNA LINGINE

Tuseme polisi hawajakujua. Biashara yako bado iko hatarini. Mteja akituma hela kwenye simu, jina la mwenye laini linatokea. Ukurasa unasema jina lako, malipo yanaonyesha jina la bibi wa Tungamalenga. Mteja mwenye akili anasitisha hapo hapo, na anawaambia wenzake wewe ni tapeli.

Halafu mwenye laini kisheria ni yule aliyesajiliwa. Akienda dukani na kitambulisho chake kusema laini imepotea, anarudishiwa, na salio lako linakwenda naye. Kama laini umenunua kwa tapeli, jiulize yeye na huyo mwenye NIDA wanajuana vipi.

Na dole gumba lako nalo lilinde. Ukisajili laini ukaambiwa "mtandao umegoma, weka tena", shtuka. Yawezekana laini ya pili inasajiliwa kwa jina lako, na kesho itauzwa kwa mtu anayetafuta "jina safi". Yaani unaweza kuwa wewe ndiye bibi wa mtu.

UFANYE NINI BASI?

1. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe.

2. Rudi kwa uliyekopa. Najua aibu ipo. Mimi nilikwenda mikono ikitetemeka, nikasema ukweli, nikaomba nilipe kidogo kidogo. Tukakubaliana, nikamaliza kwa miezi mitano.

3. Ukimaliza, dai uthibitisho wa maandishi, na uulize taarifa zako zitarekebishwa lini. Kuna watu wamelipa lakini kwenye mfumo bado wanasomeka wadaiwa.

4. Kama deni sio lako au kiasi kimekosewa, una haki ya kulalamika kwa mkopeshaji na kwa kampuni inayotunza taarifa ili zirekebishwe. Hiyo ndiyo njia halali ya "kusafisha jina". Taarifa ya kweli haifutwi kwa kumlipa kijana wa WhatsApp.

5. Kabla ya kukopa kwenye programu yoyote, hakikisha ina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ukikopa huko, namba za ndugu na wateja wako zinaweza kugeuzwa fimbo ya kukuchapia.

6. Ukipata ujumbe wa kitapeli, utume kwenda 15040, kisha ufute. Usimjibu hata kwa utani.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku ile ile. Nilipomaliza deni, ombi langu la kwanza la mkopo lilikataliwa. Msimu mzima nilizungusha hela ya kikoba chetu, na siku hizi oda ya vikapu haianzi kusukwa bila nusu ya malipo. Mtaji ni mdogo, lakini kila hela inayoingia inaingia kwa jina langu, na mteja akiliona anajua ni mimi.

Mama mkubwa bado ananitania. Nikifika tu ananiuliza, "Leo umekuja kunisalimia au umekuja kuchukua dole?"

Kama kuna mwenzako amebanwa na deni na ameanza kuongelea "jina jipya", mtumie hii leo, kabla hajatoa hiyo 60,000. Na kama wewe ndiye mwenye deni, niandikie inboksi tusaidiane kupanga namna ya kwenda kuongea nao. Hapa hakuna wa kukucheka.