Mgonjwa wa Kisukari na Tambi za Kukaanga

Wagonjwa wa kisukari hutuuliza mara kwa mara kama tambi ni mwiko kwao. La, si mwiko. Ila yafaa kujua kwamba tambi ni wanga kama ugali na wali, na wanga hugeuka kuwa sukari katika damu. Kikombe kimoja cha tambi zilizopikwa kina wanga wa gramu 40 hivi. Kwa hiyo ukila tambi, usiongeze chapati wala viazi katika mlo huo huo.

Gawa sahani yako hivi: nusu iwe mboga, robo tambi, na robo iliyobaki samaki, kuku, mayai au maharage. Usichemshe tambi mpaka zikalainika mno, kwani hizo hupandisha sukari upesi. Chuja maji. Kaanga kitunguu, karoti, pilipili hoho na kabichi kwa mafuta kidogo, kisha changanya. Chumvi iwe kidogo. Tambi za sukari na tui ziache. Kunywa maji, si soda.

Anayechoma sindano ya insulini asiruke mlo kwa kuogopa sukari kupanda. Sukari ikishuka mno, mtu hutetemeka, hutoka jasho, hata huzimia. Akiona dalili hizo anywe mara moja maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari.

Mwenye kipimo nyumbani apime saa mbili baada ya kuanza kula. Ikizidi milimoli 10 kwa lita, apunguze tambi siku nyingine. Ikizidi mara kwa mara, aende hospitali. Asijiongezee dawa mwenyewe.