Spika za Studio: Ununue za Bei Nafuu au za Bei Ghali?

Wakazi wanaopanga kufungua studio ya kurekodi muziki katika Kaunti Ndogo ya Likuyani hukutana na swali hili mapema: je, tununue spika za bei nafuu au za bei ghali? Tofauti si ndogo. Jozi ya bei nafuu hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, ilhali jozi ya hali ya juu hufika laki kadhaa. Kwa kikundi kinachotegemea akiba ya chama, mauzo ya mahindi au mkopo wa Hazina ya Uwezo, uamuzi mbaya unaweza kukwamisha biashara kabla ya wimbo wa kwanza kutoka. Mkopo hulipwa hata kama wateja hawakuja.

Jibu fupi ni hili: kwa studio inayoanza, jozi ya bei nafuu ndani ya chumba kilichotayarishwa vizuri itakufaa kuliko jozi ya bei ghali ndani ya chumba kitupu. Sababu zake ni hizi.

Spika ya studio ni tofauti

Spika ya nyumbani hutengenezwa ili ipendeze. Huongeza besi na kung'arisha sauti ili msikilizaji afurahie. Spika ya studio hutengenezwa ili iseme ukweli. Ikiwa sauti ya mwimbaji imefunikwa na ngoma, prodyusa anapaswa kulisikia kosa hilo hapo hapo na kulirekebisha.

Spika nyingi za studio siku hizi zina amplifaya ndani yake, na mara nyingi huwa mbili: moja ya besi na nyingine ya sauti nyembamba. Huhitaji kununua amplifaya kando. Unahitaji stima, waya na kifaa cha kuunganisha sauti na kompyuta.

Pesa za ziada hununua nini?

Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Spika ndogo haifiki chini kabisa. Kwa mfano, Yamaha HS5, yenye koni ya inchi 5, hushuka hadi mitetemo 54 kwa mujibu wa kampuni hiyo. HS8, yenye koni ya inchi 8, hushuka hadi 38. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni takriban mitetemo 41, kwa hivyo spika ndogo haitakuonyesha noti hiyo kikamilifu.

Jambo hili lina uzito kwetu. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, huchezwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya wastani na ndogo. Anayerekodi isukuti kwa spika za inchi 3 atakisia tu mlio wa ngoma kubwa. Koni ya inchi 5 ni mwanzo mzuri, na besi ihakikiwe pia kwa hedifoni.

Spika za bei ghali, kama zile za Genelec kutoka Finland, hutoa sauti safi zaidi. Spika mbili za jozi hulingana kwa karibu sana, na baadhi ya modeli hupima chumba na kujirekebisha. Faida hizo ni za kweli. Hata hivyo, hata spika inayojirekebisha haiwezi kuondoa mwangwi wa kuta tupu.

Chumba kwanza

Katika chumba chenye upana wa mita 3, noti yenye mitetemo kama 57 kwa sekunde hurundikana karibu na kuta na kufifia katikati. Ukikaa katikati utadhani besi imepungua, utaiongeza, kisha wimbo utanguruma vibaya ndani ya matatu. Spika ya bei ghali itapatwa na tatizo hilo hilo, kwa sababu linatokana na kuta.

Fanya yafuatayo kabla ya kuongeza bajeti ya spika:

1. Epuka chumba cha mraba. Chumba kirefu kuliko upana wake ni bora.
2. Paa la mabati liwekewe dari. Mvua ikinyesha juu ya mabati matupu, hakuna kurekodi.
3. Trei za mayai hazizuii sauti kutoka nje, wala hazigusi besi. Afadhali fremu za mbao zenye unene wa sentimita 10 au zaidi, zilizojazwa blanketi au nguo kuukuu na kufunikwa kwa kitambaa. Ziweke mbali na moto na nyaya za stima.
4. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali kutoka kila spika hadi kichwani mwako. Spika ndogo ya sauti nyembamba iwe usawa wa sikio.
5. Usizibandike spika ukutani wala pembeni mwa chumba, kwa maana ukuta huongeza besi.

Jihadhari na stima

Stima yetu ni volti 240. Spika za mtumba kutoka Marekani huenda zikawa za volti 120, na zikichomekwa moja kwa moja zinaweza kuungua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Nunua pia kifaa cha kukinga dhidi ya stima inayopanda ghafla, na udai risiti na waranti.

Zizoee ulizo nazo

Yamaha NS-10 iliingia sokoni mwaka wa 1978 kama spika ya nyumbani. Haikupendwa sana huko, lakini maprodyusa wengi duniani waliizoea na kuitegemea hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka wa 2001. Haikuwa spika ya kifahari. Ilifichua makosa, nao walijua tabia zake.

Nawe sikiliza nyimbo unazozifahamu vizuri kwenye spika zako kila siku. Kisha jaribu kazi yako kwenye simu, redio ndogo, matatu na spika za kanisani. Ikisikika vizuri kote huko, spika zako zinatosha.

Lini ununue za bei ghali?

Wakati wake ni pale chumba kimetengenezwa, maikrofoni nzuri ipo, wateja wanalipa kila mwezi, na studio inafanya kazi ya hatua ya mwisho ya kusawazisha nyimbo au sauti za filamu. Hapo spika bora hupunguza uchovu wa masikio na marudio ya kazi. Zinunuliwe kwa faida ya studio, si kwa deni jipya.

Kabla ya kufungua, kumbuka leseni ya biashara ya kaunti, na pia kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009. Chumba kilichotayarishwa vizuri kitakusaidia hapo pia, kwani jirani naye ana haki ya kulala.