Mpito Uliokataa Kupita

Mara nyingi tunaambiwa kwamba ugomvi wa Waisraeli na Wapalestina ni wa tangu enzi za manabii, na kwamba watu hawa wamezaliwa wakichukiana. Maelezo hayo yanamwondolea kila mtu wajibu, maana chuki ya miaka elfu tatu haina wa kuulizwa. Nyaraka zinaonyesha jambo lililo karibu zaidi nasi. Tangu vita vya Juni 1967, Israel ilipoteka Ukingo wa Magharibi na Gaza, ardhi hii imetawaliwa kwa mipango iitwayo ya muda, na kwa kuwa muda huo haukuwekewa mwisho, wenyewe umekuwa ukiamua nani anapata nini kabla wahusika hawajakaa kukubaliana.

Tuanze na Oslo, yaani makubaliano ya amani kati ya Israel na Wapalestina, maana ndiko matumaini yalikokuwa makubwa kuliko wakati mwingine wowote. Tamko la Kanuni lilitiwa saini Washington tarehe 13 Septemba 1993, na miaka mitano ya mpito ikaanza kuhesabiwa Mei 1994. Ilipaswa kuisha Mei 1999. Mambo mazito yote, yaani Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi, usalama na mipaka, yaliwekwa kando yasubiri mazungumzo ya mwisho. Mkataba wa pili, wa Septemba 1995, uliugawa Ukingo wa Magharibi sehemu tatu. Eneo A, ambalo baadaye lilifikia kiasi cha asilimia 18, liliwekwa chini ya Mamlaka ya Palestina, serikali ya Wapalestina iliyoundwa na makubaliano hayo. Katika Eneo B, kiasi cha asilimia 22, Wapalestina walipewa shughuli za kiraia huku Israel ikibaki na neno la mwisho katika usalama. Eneo C, asilimia 60 hivi, lilibaki mikononi mwa Israel hadi likabidhiwe hatua kwa hatua. Hatua hizo zilikoma mwaka 2000, na ramani ikabaki ilivyokuwa. Leo Mpalestina anayetaka kuongeza chumba au kuchimba kisima katika Eneo C anahitaji kibali cha utawala wa kijeshi wa Israel, na vibali hivyo ni adimu. Wakati huohuo, walowezi wa Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Jerusalem Mashariki, wameongezeka kutoka takriban 110,000 mwaka 1993 hadi zaidi ya 500,000. Hata maji yaligawanywa hivyohivyo. Kwa mujibu wa kiambatisho cha mkataba wa 1995, matumizi ya maji ya ardhini ya milimani yalikuwa mita za ujazo milioni 483 kwa mwaka kwa Israel na milioni 118 kwa Wapalestina, na nyongeza iliyoahidiwa kwa Wapalestina ilipimwa kwa mahitaji ya kipindi cha mpito tu. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni wazazi, na mgawo wa haki zao za maji bado unasubiri mazungumzo ya mwisho.

Utaratibu huu una mizizi ya kisheria inayotangulia Oslo. Sheria ya kimataifa huruhusu jeshi kukalia nchi ya wengine kwa muda tu, na ndiyo maana neno “muda” limekuwa na thamani kubwa mahakamani. Mwaka 1979, katika shauri la Beit El, Mahakama Kuu ya Israel iliruhusu makazi ya raia kwenye ardhi ya watu binafsi iliyotwaliwa na jeshi, kwa hoja kwamba yatadumu kadiri jeshi litakavyokuwapo, basi. Miezi michache baadaye, katika shauri la Elon Moreh karibu na Nablus, walowezi wenyewe waliieleza mahakama kwamba wamekuja kukaa daima. Majaji wakaamuru ardhi irudishwe kwa wenyewe. Serikali haikuacha kujenga makazi, ila ilibadili njia: ilianza kutangaza maeneo makubwa kuwa ardhi ya serikali kwa kuegemea sheria ya ardhi ya Waosmani ya mwaka 1858. Hata sheria inayomwezesha mlowezi kushtakiwa katika mahakama ya kiraia, ilhali jirani yake Mpalestina anapelekwa mahakama ya kijeshi, ni kanuni ya dharura ya mwaka 1967 ambayo Bunge la Israel limekuwa likiihuisha kila baada ya miaka kadhaa. Juni 2022 ilikwama kwa sababu upinzani ulitaka kuiangusha serikali. Januari 2023 ikaongezwa miaka mitano mingine. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuendelea kuwapo kwa Israel katika maeneo ya Wapalestina inayoyakalia ni kinyume cha sheria.

Wapo watakaosema kwamba kilichoua Oslo ni damu, na hoja yao ina uzito. Februari 1994 mlowezi mmoja aliwapiga risasi Waislamu waliokuwa wakiswali Hebron, akaua 29. Hamas na Islamic Jihad, makundi ya Wapalestina yenye silaha, wakalipua mabasi yaliyojaa abiria wa kawaida. Novemba 1995 Waziri Mkuu Yitzhak Rabin aliuawa na Myahudi mwenzake aliyepinga makubaliano. Mazungumzo ya viongozi wa pande mbili huko Camp David, Julai 2000, yakavunjika, na intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina, ikafuata. Siwezi kupuuza hayo. Lakini tuangalie muundo wa mkataba wenyewe: uliwapa miaka mitano wale wote waliotaka kuuvunja, bila kumwambia raia wa upande wowote anavumilia ili apate nini. Kila bomu na kila nyumba mpya ya mlowezi kilimani vilikuwa kura juu ya swali lililoachwa wazi.

Wengine watanikumbusha Gaza: mwaka 2005 Israel iliondoa walowezi wake zaidi ya 8,000, na malipo yake yakawa makombora. Ni kweli. Ila kuondoka kule kulikuwa kwa uamuzi wa upande mmoja, bila mkataba wa mpaka, bahari, anga wala bandari, kwa hiyo hadhi ya Gaza ilibaki ya muda vilevile. Kulinganisha kwa haki kunatupeleka Sinai, rasi ya Misri ambayo Israel iliiteka katika vita hivyohivyo vya 1967. Mkataba wa Israel na Misri wa Machi 1979 ulitaja mpaka na ukaweka miaka mitatu ya kuondoka. Aprili 1982 mji wa walowezi wa Yamit ulibomolewa na Waisraeli wenyewe, huku baadhi ya wakazi wakiburutwa nje. Kipande kidogo cha Taba kikazua ubishi. Nchi hizo mbili zikakipeleka kwa wasuluhishi, Misri ikashinda mwaka 1988, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa. Huo nao ulikuwa mpito baina ya maadui waliokwishapigana vita vikubwa. Ulipita kwa sababu ulijulikana unakokwenda.

Haki inanitaka niseme pia kwamba muda usio na mwisho umewanufaisha baadhi ya viongozi wa Palestina. Mahmoud Abbas alichaguliwa Januari 2005 kuwa rais wa Mamlaka ya Palestina kwa miaka minne, na hakujafanyika uchaguzi wa rais tangu hapo. Ule uliopangwa mwaka 2021 aliuahirisha.

Nayaandika haya kwa sababu mpito mwingine unajengwa sasa, juu ya makaburi mengi. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas na washirika wake waliua watu wapatao 1,200 nchini Israel, wakiwamo wanafunzi wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Vita vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza. Usitishaji mapigano wa Oktoba 2025 uliliacha jeshi la Israel likishikilia zaidi ya nusu ya Gaza nyuma ya kinachoitwa mstari wa njano. Azimio namba 2803 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 17 Novemba 2025, limeipa Bodi ya Amani, chombo cha mpito cha kuisimamia Gaza, pamoja na kikosi cha kimataifa ruhusa hadi 31 Desemba 2027. Kuondoka kwa jeshi la Israel hakukupewa tarehe. Kumefungwa kwenye vigezo vya kuwapokonya wapiganaji silaha, ambavyo jeshi lenyewe litashiriki kuviafiki. Kuhusu dola ya Palestina, azimio linasema tu kwamba huenda masharti ya kuielekea yakawa yametimia. Wanadiplomasia wana hadi mwisho wa 2027 kuyaandika yale ambayo mkataba wa Sinai uliyaandika mapema: mpaka unapita wapi, mwanajeshi wa mwisho anaondoka lini, na nani atasikilizwa pande mbili zikibishana.