Punda Anaposimama Mlimani: Pumzi, Koo na Nira

Punda avutaye mkokoteni wa maji akisimama katikati ya mlima, mwenye naye huhisi kwamba mnyama ni mkaidi, na fimbo hufuata. Mara nyingine ukaidi haupo kabisa: mnyama amekosa hewa.

Binadamu akichoka hufungua kinywa akahema. Punda hawezi kufanya hivyo, wala farasi. Kaakaa lao laini ni refu na limekaa chini ya kidakatonge, likitenga kinywa na bomba la hewa. Pumzi yote hupita puani. Pua au koo likibanwa, hakuna njia ya pili.

Mengi yajulikanayo kuhusu jambo hili yalipatikana kwa farasi wa mbio, ambao wenye nao hugharimia kamera nyembamba ipitishwayo puani hadi kooni. Farasi aliyetulia huvuta takriban lita 60 za hewa kwa dakika. Akienda shoti kwa nguvu zake zote hupita lita 1,000. Hitilafu mbili za koo ni maarufu zaidi. Ya kwanza ni kupooza kwa upande wa kushoto wa zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Mshipa wa fahamu unaohudumia upande huo hushuka hadi kifuani, ukazunguka mshipa mkuu wa damu karibu na moyo, kisha ukapanda tena kooni; katika safari hiyo ndefu nyuzi zake hudhoofika. Upande huo haufunguki vizuri, na farasi hutoa mlio kama mluzi au mngurumo kila avutapo pumzi. Ya pili ni kaakaa laini kuchomoka na kulala juu ya kidakatonge: farasi hukoroma na kasi hupungua ghafla. Katika hali zote mbili, mnyama aliyesimama zizini huweza kuonekana mzima. Ugonjwa hujifichua kazini.

Punda wa kijijini hakimbii mashindano (huko Lamu hukimbia, siku za sherehe), lakini kupanda mlima na mapipa ya maji ni mbio zake. Kwake yeye, kinachobana koo aghalabu kimefungwa na mkono wa mtu. Nira ya ng'ombe ilibuniwa kwa mnyama mwenye nundu ya kuizuia. Punda hana nundu. Nira huteleza, na kamba ya chini ya shingo humkaba pale pale mzigo unapokuwa mzito na hewa inapohitajika zaidi. Punda huvuta vyema kwa kifua. Mkanda uwe mpana, wa turubai au ngozi iliyowekewa kitambaa laini, ukae juu ya ncha ya bega na chini ya shina la shingo, usiguse koo hata anapoinamisha kichwa. Ukaguzi ufanywe punda akiwa anavuta, kwa kuwa mkanda uliokaa vizuri akiwa amesimama huweza kupanda kooni akianza kwenda.

Katika baadhi ya nchi za Afrika na Asia watu huchana pua za punda wakidhani hewa itaingia kwa wingi. Ni ukatili usio na faida yoyote. Kizuizi, kama kipo, kiko ndani zaidi.

Upo pia ugonjwa wa kuambukiza wa tezi za koo, usababishwao na bakteria. Punda hupata homa, hutoka usaha puani, na tezi za chini ya taya huvimba hadi kupasuka. Uvimbe mkubwa huweza kuziba pumzi. Mgonjwa atengwe, asifanyishwe kazi, wala asinyweshwe katika chombo kimoja na wenzake. Punda aliyenunuliwa mnadani akae peke yake kwa wiki 3 kabla ya kuchanganywa na wengine.

Punda mzima aliyepumzika huvuta pumzi takriban 20 kwa dakika. Anayehema sana muda mrefu baada ya kufunguliwa, anayetanua pua akiwa kivulini, au anayetoa mlio mpya avutapo hewa, apelekewe afisa mifugo wa kata kabla ya kufungwa tena mkokoteni. Afisa aelezwe mlio husikika lini: anapovuta pumzi au anapoitoa, tambarare au mlimani, akiwa na nira au bila nira.