Shauri la Uwanja wa Michezo: Kukataana Pasipo Kuvunjiana Heshima

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jambo lililo gumu kuliko linavyoonekana, nalo ni namna watu wa mahali pamoja wawezavyo kukataana katika shauri la wote, kisha wakaondoka barazani hali wangali majirani. Tumechagua mfano wa uwanja wa michezo kwa sababu shauri la namna hii huwasha moto upesi kuliko shauri la kisima. Kisima kila mtu hukitaka. Uwanja vijana huutaka, na wenye mashamba huuogopa.

Tuitazame nchi ya Ifakara na Bonde la Kilombero. Msomaji asiyeijua na afahamu ya kwamba bonde hilo limelala baina ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mto Kilombero hulipitia mpaka ukutane na mto Luwegu, na toka hapo mto huitwa Rufiji. Wakati wa masika maji hufurika juu ya mbuga, na mbuga hizo ndizo watu wanazolima mpunga. Basi ardhi iliyoinuka, isiyofikiwa na maji, tena iliyo karibu na njia, ina wengi waitakao: mwenye kujenga nyumba, mwenye duka, shule, zahanati, na timu ya mpira.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, ya kwamba katika kijiji kimoja cha bonde hilo vijana wameomba watengewe mahali pa kujenga uwanja wenye ukuta na majukwaa. Mkutano umeitwa, watu wamekaa chini ya mwembe. Kijana mmoja asimama, amwamkia mwenyekiti na wazee, aeleza haja yao. Baada yake mama mmoja mkulima asema, "Wanangu, mahali hapo mnapopataka maji hupita mwezi wa Aprili. Mmeyafikiri?" Kabla hajaketi, sauti yatoka nyuma: "Mama huyu hapendi maendeleo!" Mwingine adakiza ya kwamba mama ana shamba karibu na hapo, ndiyo sababu apinga. Mzee mmoja akasirika, asema vijana hawataki mpira, wataka mahali pa kunywea pombe. Mtu aliyehamia kijijini miaka michache iliyopita ataka kusema, naye aambiwa, "Wewe umekuja juzi, nyamaza." Jua lachwa, watu watawanyika. Msomaji aliyetusikiliza vema ataona ya kuwa swali la maji halikujibiwa.

Hayo ndiyo madhara yenyewe. Matusi huumiza, lakini hasara kubwa ni ile ya swali kupotea. Mtu aliposema "mama hapendi maendeleo," maneno yake hayakuyazuia maji ya Aprili yasipite. Hata kama ni kweli ana shamba karibu, hata kama moyoni mwake aliogopa shamba lake tu, maji yapita au hayapiti. Hilo huthibitishwa kwa kwenda mahali penyewe na kutazama, si kwa kuupekua moyo wa mama.

Hapa wengine watatuuliza, "Je, mwataka tusiulize ni nani atakayefaidika?" La, sivyo. Twaona watu wengi wachanganya mambo mawili, nia na maslahi. Nia imo moyoni, hapana awezaye kuitoa nje na kuionyesha watu. Maslahi huonekana: ni kiwanja, ni duka, ni kazi ya kuuza matofali, ni ndugu aliye mwenye kampuni ya ujenzi. Kuuliza maslahi si utovu wa adabu. Nchini Tanzania Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 yawataka viongozi watangaze maslahi yao katika mambo wanayoyaamua. Basi mtu akisema, "Ndugu mwenyekiti, twaomba kujua kama yupo kati yetu mwenye kiwanja kando ya njia hiyo," amesema neno la heshima, nalo lina jibu la ndiyo au siyo. Akisema, "Mwenyekiti ni mlafi," hakuuliza neno lo lote, naye mwenyekiti hana la kujibu ila hasira.

Tena mara nyingi hesabu hufunua yale ambayo shutuma hazifunui. Uwanja wa mpira wa kipimo cha kawaida una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Zidisha, utapata mita za mraba 7,140, yaani pungufu ya ekari 2. Majukwaa, vyoo, njia na mahali pa magari huongeza, ni kweli. Lakini mtu akiomba ekari 20, yafaa aulizwe kwa upole, "Hizi nyingine ni za nini?" Pengine anayo sababu njema, kama kiwanja cha netiboli na mahali pa kukimbilia. Pengine hana. Wanafunzi wanaotusoma waweza kuifanya hesabu hiyo wenyewe, na kuipeleka kwa baba zao kabla ya mkutano.

Kuna jambo moja la kweli ambalo Watanzania hulizungumza hata leo. Viwanja vikubwa kadha wa kadha, kama Jamhuri mjini Morogoro, Sokoine mjini Mbeya na Kirumba mjini Mwanza, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Katika zamani za chama kimoja si wengi waliotenga chama na wananchi. Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, swali likazuka: viwanja hivyo ni vya nani? Wako wasemao vilijengwa kwa jasho la watu wote, basi virudi kwa wote. Wako wasemao mwenye hati ndiye mwenye mali. Sisi hatuamui hapa. Twasema tu ya kwamba lile swali, "Uwanja ukiisha utakuwa mali ya nani, na nani atakata majani?" lingeulizwa na kuandikwa siku ya kwanza, ugomvi ungekuwa mdogo. Na labda yupo aliyetaka kuliuliza akaogopa kuitwa mpinzani wa maendeleo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka njia. Halmashauri ya kijiji hupendekeza sehemu ya ardhi itengwe kwa matumizi ya wote, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Katika mkutano huo huingia kila mkaaji wa kijiji aliyetimiza miaka 18, awe mzaliwa au aliyehamia, mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo lile neno "umekuja juzi" halina nguvu yo yote mbele ya sheria, ijapokuwa husikika sana katika bonde lililopokea wahamiaji wengi.

Mwenyekiti mwenye busara humpa karani kazi ya kuandika maswali upande mmoja wa daftari na majibu upande wa pili. Mtu akitoa shutuma, humwambia, "Ndugu yangu, nipe swali, karani aliandike." Swali lisilo na jibu halifutwi, husomwa tena mwanzo wa mkutano ufuatao. Hapo mama yule husikia maneno yake yakisomwa mbele ya watu wote, na wale vijana, waliokwisha kwenda na mpima ardhi kutazama alama za mafuriko katika mashina ya miti, husimama kumjibu.