Fumbo la Miraba: Ugumu Wake, Ladha Yake, na Nafasi ya Kiswahili

Katika makala haya nakusudia kueleza aina moja ya fumbo la maneno ambayo Waingereza wameikuza kwa muda wa karibu miaka mia moja, na kuuliza kama Kiswahili chaweza kuibeba. Sisemi juu ya chemshabongo ya kawaida ya magazetini, ambamo msomaji huulizwa mji mkuu wa nchi fulani au kinyume cha neno fulani. Hiyo hupima kumbukumbu. Ninayoisema mimi hupima jambo jingine, nami nilikutana nayo kwa aibu kidogo.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili Uingereza, walikuwapo idarani petu watu wanne au watano ambao kila saa ya chai walilitandaza gazeti mezani wakalizunguka kama watu wanaotazama bao. Siku moja walinikaribisha. Maneno yote ya kidokezo niliyajua, na sarufi yake sikuiona kasoro. Hata hivyo sikupata kitu. Mzee mmoja kati yao akanambia kwamba kosa langu ni kuisoma sentensi kama sentensi. Ilinichukua majuma mengi kuielewa kauli hiyo.

Siri yenyewe ni hii. Kila kidokezo kina sehemu mbili zilizounganishwa hata zikaonekana kuwa habari moja. Sehemu moja hutoa maana ya jibu, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni, kamwe si katikati. Sehemu ya pili huonyesha jinsi neno hilo linavyoundwa kwa herufi zake. Habari inayosomeka juu juu ni chambo tu. Nitatoa mifano niliyoitunga mwenyewe, tarakimu ikionyesha idadi ya herufi:

Mkasi ulivunjika mwanzoni mwa usiku: hazina ya maneno (6).

Msomaji ataona giza, fundi, na chombo kilichoharibika. Ayaache hayo yote. "Ulivunjika" yamwagiza azivuruge herufi za "mkasi". "Mwanzoni mwa usiku" ni herufi ya kwanza ya neno "usiku", yaani u. M, k, a, s, i na u zikipangwa upya hutoa KAMUSI, nayo ndiyo hazina ya maneno. Mfano mwingine: "Mlango matata umeficha kipigwacho harusini (5)." Hapa hakuna cha kuvuruga. Jibu limelala wazi ndani ya maneno mawili ya kwanza, mla-NGOMA-tata. Na huu ni mfupi zaidi: "Mnyama juu ya nyumba (3)." Ni PAA mara mbili: yule wa porini, na ile sehemu ya juu ya nyumba.

Mchezo huu haukuanza na ujanja huo. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo lake la kwanza la miraba katika gazeti la New York World tarehe 21 Disemba 1913, nalo lilikuwa na maswali ya kawaida tu. Aliyelivika giza ni Edward Powys Mathers, mshairi na mfasiri, aliyetunga katika The Observer kuanzia 1926 hadi alipofariki 1939. Alijiita Torquemada, kwa jina la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania iliyowatesa watu. Mrithi wake, D. S. Macnutt, alijiita Ximenes, naye pia ni mkuu wa mahakama hiyo. Aliyefuata mwaka 1972, Jonathan Crowther, alimchukua wa tatu, Deza, akaligeuza jina lake nyuma mbele likawa Azed. Ukatili wa majina haya ni mzaha, lakini wauonyesha uhusiano uliopo: mtungaji hutesa, na mfumbuzi huja mwenyewe kuteswa.

Hapo ndipo swali la haki huingia, nalo ndilo niliwasikia mashabiki wakilijadili kuliko lolote. Sikuwahi kumsikia mmoja wao akilalamika kwamba fumbo ni gumu. Walilalamika kwamba si la haki. A. F. Ritchie, aliyeandika kwa jina la Afrit, aliweka msingi mwaka 1949: mtungaji ana ruhusa ya kumpoteza msomaji, lakini maneno yake, yakisomwa kwa namna inayostahili, sharti yatoe jibu na si kingine. Macnutt aliupanua msingi huo katika kitabu chake cha 1966. Tangu hapo mashabiki wamegawanyika, wengine wakishika sheria hizo kama wanazuoni, wengine wakisema mzaha mzuri waweza kusamehewa kosa dogo. Wale wenzangu waliweza kubishana nusu saa juu ya neno moja la kiungo. Nilidhani wanapoteza wakati. Sasa naona kwamba walikuwa wakifanya uchanganuzi wa semantiki bila kulipwa.

Kiongozi wa hao walegevu alikuwa John Graham, kasisi aliyelitungia gazeti la The Guardian tangu 1958, na aliyejulikana baadaye kwa jina la Araucaria. Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 91, alichapisha fumbo ambalo wafumbuzi walilijaza mraba kwa mraba, wakagundua kwamba majibu yake yanaeleza habari za mtungaji mwenyewe: anaugua saratani ya umio. Alifariki Novemba mwaka huo huo. Watu waliomjua kwa ufundi wake tu waliipokea habari hiyo kwa njia waliyoizoea, yaani kwa kuitafuta.

Je, mambo haya ni mageni kwetu? Kwa upande mmoja, la. Muyaka bin Haji na malenga wenzake wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, walirushiana mafumbo ya kishairi, na aliyefumbiwa alipaswa kuligangua fumbo kisha ajibu. Lakini pana tofauti ambayo haifai kupuuzwa. Fumbo la malenga hukaa duniani: asiyejua ugomvi wa mji hawezi kujua ni nani anayesemwa. Fumbo la miraba hukaa ndani ya herufi, na jibu hujithibitisha lenyewe. Ukishaona KAMUSI ndani ya mkasi uliovunjika, huhitaji mtu wa kukuambia umepata.

Tofauti hii yanigusa mimi kama mwalimu. Kitendawili chetu, kilichokuwa na shangwe ya kutega na kuteguliwa na kupewa mji, kimegeuka darasani kuwa orodha ya kukariri. Nimewaona watoto wakitoa jibu la busara likakataliwa kwa sababu si lile lililoandikwa kitabuni. Mtoto huyo hana pa kukata rufani. Katika fumbo la miraba rufani ipo, kwa kuwa kila hatua yaweza kukaguliwa.

Lakini Kiswahili kina vikwazo vyake. Kiingereza hucheza kwa kuwa neno lake hubadili kazi bila kubadili umbo. Neno lao la ua, kwa tahajia ile ile, husomwa kuwa "kitiririkacho", na jibu likawa mto. Sisi viambishi hututoa siri. Ningeandika "ipigwayo harusini", ngeli ingekwisha kujulikana. Nikaandika "kipigwacho", kwa maana ya kitu, na naamini Afrit angeniruhusu. Kimbilio letu ni kauli ya kuamuru, kwani kitenzi katika umoja husimama bila kiambishi na kufanana na nomino: paka, kaa, panda, kata. Kikwazo cha pili ni irabu. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo mraba wa mwisho humsaidia mfumbuzi kidogo sana.

Pendekezo langu ni kuiacha herufi na kuuandika mraba kwa silabi. Wajapani hufanya hivyo kwa kana zao, na washairi wetu hawajapata kuhesabu kitu kingine ila mizani. Faida yake huonekana mara moja katika mchezo wa kinyume, ambao vijana wa pwani huuchezea lugha kwa kuhamisha silabi. "Mali ikipinduliwa, fanya kazi shambani": ma-li hutoa LIMA, jambo ambalo herufi kwa herufi lisingewezekana.

Nilivijaribu vidokezo hivi na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Mmoja alipinga kile cha kamusi, akidai kwamba mwanzo wa usiku ni magharibi, si u; darasa likabishana hadi kipindi kikaisha. Mwingine, mtoto wa wavuvi, akaniletea kesho yake chake mwenyewe kwenye kipande cha karatasi: "Samaki mkubwa akikatwa kichwa, tamka yamini (3)." Papa asiye na kichwa ni APA. Sikuwa na neno la kusahihisha.

Kwa wasomaji wa jarida hili naacha kimoja kwa silabi mbili, bila jibu: "Winda kinyume mwogeleaji mwenye gamba."